Uvundo wa Nyumba Iliyoingia Maji: Asili Yake na Njia ya Kuuondoa

Katika uwanda wa juu wa Ufipa mvua huanza mwezi wa Novemba, nayo haikomi hata mwezi wa Aprili. Watu wa Kaengesa, na wa Sumbawanga, na wa vijiji vyote vya nchi hiyo huipokea kwa shukrani, maana ndiyo iletayo mahindi, na maharagwe, na ulezi. Walakini mvua ile ile inayolisha shamba huweza kuingia nyumbani pasipo kubisha hodi. Hupita penye bati lililotoboka au ezeko lililochakaa; hutiririka kutoka mlimani na kupenya chini ya mlango; au hupanda polepole ndani ya ukuta kutoka katika udongo uliolowa, mwenye nyumba asione kitu.

Hata maji yakiisha kutoka, mwenyewe hufagia, huanika mikeka, akasema, "Mambo yamekwisha." Siku mbili tatu zikipita, aingiapo ndani hupokewa na harufu nzito, kama ya uyoga au ya nguo mbichi zilizofungiwa sandukuni. Basi wengine hufukiza ubani, wengine huwasha moto wa majani yenye harufu nzuri, na wengine hupaka ukuta rangi mpya. Uvundo hufichika kwa juma moja, kisha hurudi ukiwa na nguvu kuliko kwanza.

Wazee walisema, Mjumbe hauawi. Harufu hii nayo ni mjumbe. Anatuambia kwamba mahali fulani nyumbani yamebaki maji, na ya kuwa katika maji hayo kuna kitu kinachoishi na kula. Mwenye kumfukuza mjumbe kwa ubani hajaujibu ujumbe wake. Makusudi ya maneno haya ni kueleza ujumbe huo ni nini, na jinsi mtu wa kijijini, pasipo mashine wala fedha nyingi, awezavyo kuujibu.

HARUFU YATOKA WAPI?

Maji safi hayana harufu. Uvundo hutoka kwa viumbe vidogo vinavyoishi penye unyevu. Vya kwanza ni kuvu, jamaa za uyoga tunaouona porini. Mbegu zake ni ndogo hata hazionekani kwa macho, nazo zimo hewani kila mahali, nyumbani mwa tajiri na mwa maskini. Ili ziote zataka mambo manne: hewa, joto la kadiri, chakula, na maji. Hewa hatuwezi kuiondoa. Joto litufaalo sisi lazifaa nazo. Chakula chao ni mbao, nyasi, karatasi, ngozi, nguo, unga, hata vumbi lililoganda ukutani. Basi limebaki jambo moja tu lililo katika uwezo wetu, nalo ni maji. Mahali palipolowa, kuvu huweza kuanza kuota katika muda wa siku moja au mbili. Kwa hiyo kazi ya siku ya kwanza huokoa kazi ya mwezi mzima.

Vya pili ni vijidudu viitwavyo bakteria. Baadhi yao huishi udongoni na kutoa ile harufu ya ardhi tunayoijua sote mvua ya kwanza inapoanguka. Mwaka 1965 wataalamu wawili huko Marekani, Gerber na Lechevalier, waliitenga dutu inayotoa harufu hiyo, wakaiita geosmini, jina lililotungwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya ardhi na harufu. Pua ya mwanadamu huitambua dutu hiyo hata ikiwa kidogo mno. Ndiyo sababu chumba huweza kunuka hali macho hayaoni alama yoyote ukutani. Bakteria wengine hustawi penye maji yaliyotuama pasipo hewa, nao hutoa harufu kama ya yai bovu.

Kwa hiyo yafaa mtu atumie pua yake kwa akili. Harufu ya uyoga humwambia kwamba kuna kuvu katika mbao, nguo au karatasi. Harufu ya yai bovu au ya choo humwambia kwamba maji machafu yamekaa chini ya sakafu au yameingia kutoka chooni. Harufu ya uchachu humwambia atazame chakula alichoweka akiba. Kila harufu ina dawa yake, wala si vema kuzitibu zote kwa dawa moja.

TAZAMA UKUTA KWANZA

Kabla ya kushughulika na harufu, mwenye nyumba hana budi kujua kama nyumba yenyewe itasimama. Ukuta wa matofali mabichi ni imara sana ukiwa mkavu, lakini ukilowa chini hulainika, nao hubaki kubeba uzito ule ule wa paa kwa nguvu iliyopungua. Mara nyingi hauanguki wakati wa mvua. Huanguka baadaye, hata usiku, watu wamelala.

Basi uzunguke nyumba mchana, ndani na nje. Tazama kama kuna ufa mpya, kama ukuta umetokeza tumbo, kama udongo wa chini unamomonyoka ukiuchokoa kwa kijiti, na kama mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa umekwama. Ukiona mojawapo ya hayo, usilaze watoto humo. Waombee mahali kwa jirani au kwa ndugu, utegemeze paa kwa nguzo, na umwite fundi. Kuomba pa kulala siku chache si aibu. Aibu ni kumzika mtoto kwa sababu ya kuona haya kuomba.

KUKAUSHA NDIYO DAWA KUBWA

Ziba kwanza njia ya maji, maana kukausha nyumba ambayo paa lake lavuja ni kuteka maji kwa pakacha. Kisha toa nje kila kitu kilicholowa: mikeka, magodoro, nguo, masanduku, magunia. Usibakize kitu pembeni kwa kudhani kwamba kitakauka chenyewe.

Sasa ni zamu ya hewa. Huku Ufipa, nchi iliyo juu kupita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, usiku huwa na baridi, na asubuhi mara nyingi kuna umande na ukungu. Hewa ya namna hiyo imejaa unyevu wake, haiwezi kuchukua mwingine. Kwa hiyo usifungue madirisha alfajiri kwa haraka. Ngoja jua lipande na umande ukauke, ndipo ufungue milango na madirisha ya pande zote mbili ili upepo upite kati. Jua likikaribia kutua, funga. Fanya hivi kila siku isiyo na mvua. Samani zisiegemee ukutani. Ziache mbali nao kadiri ya mkono mmoja ili hewa ipite nyuma yake.

Hapa nataka kuonya kwa nguvu. Watu wengi, wakiona nyumba ni mbichi na baridi ni kali, huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango, wakalala. Makaa yakiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala haina harufu; mtu huumwa kichwa, hulegea, akashikwa na usingizi asiamke tena. Basi fikirini ajabu hii, ndugu wasomaji: uvundo unaotuchukiza kwa kawaida hauui kwa usiku mmoja, lakini hewa hii ambayo pua haiitambui yaweza kuwamaliza watu wa nyumba nzima kabla ya kupambazuka. Moto wa kukausha nyumba uwashwe mchana, milango wazi, na utolewe nje kabla watu hawajalala.

Ni siku ngapi zatosha? Mafundi wana kanuni ya kukadiria, kwamba ukuta mzito wa matofali uliolowa kabisa hutaka kama mwezi mmoja kwa kila inchi moja ya unene wake. Ukuta wa inchi sita, basi, waweza kutaka kiangazi kizima, tangu Mei hata Oktoba. Uso wa ukuta hukauka mapema, na ndio unaotudanganya. Ukitaka kujua hali ya ndani, chukua kipande cha nailoni kikubwa kama ukurasa wa gazeti, ukibandike ukutani, ukizibe kingo zote nne kwa udongo au gundi, ukiache usiku kucha. Ukikuta asubuhi matone upande unaogusa ukuta, jua kwamba maji yangali yanatoka ndani. Wakati huo usipake rangi ya mafuta wala usipige lipu ya saruji, kwa maana utayafungia maji yasipate njia, na uvundo utarudi pamoja na ukuta kubanduka.

KUSAFISHA

Mtu asisugue kuvu kavu kwa ufagio, kwa maana atarusha mbegu zake hewani na kuzivuta kifuani. Wenye pumu, watoto wachanga na wazee wakae mbali wakati wa kazi hii. Mfanyaji ajifunge kitambaa puani na mdomoni, avae viatu, kisha alowanishe mahali penye kuvu kwa maji ya sabuni, asugue, na afute kwa kitambaa cha kufuliwa au kutupwa.

Ikiwa maji yaliyoingia yalichanganyika na ya choo, sabuni peke yake haitoshi. Baada ya kuosha, tumia ile dawa ya klorini iuzwayo madukani kwa kufulia nguo nyeupe. Changanya kikombe kimoja cha dawa na vikombe kumi na sita vya maji, pakaza juu ya vitu vigumu, acha kidogo, kisha futa. Fungua madirisha wakati wa kuitumia. Tena usiichanganye kamwe na siki, wala na dawa nyingine, wala usiimwage penye mkojo, kwa maana hutoka hewa inayochoma mapafu.

Sakafu ya udongo ikinuka, kuimwagia dawa hakufai sana. Kwangua udongo wa juu uliolowa hata ufikie udongo mgumu usionuka, uutupe mbali, uache pakauke, kisha ulete udongo mkavu na kuushindilia. Ukuta wa udongo nao ukwanguliwe pale palipooza. Ukuta ukiisha kukauka upakwe chokaa. Chokaa ina nguvu ya kuzuia kuvu isiote, na tena huacha ukuta upumue, tofauti na rangi ya mafuta. Lakini chokaa mbichi huchemka ikitiwa maji, na huunguza macho. Ichanganywe na mtu mzima, watoto wakiwa mbali.

Nguo na mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto na sabuni, yaanikwe juani na kugeuzwa. Godoro la nyasi au la pamba lililonywa maji machafu litolewe vilivyomo, mfuko ufuliwe, na vijazo vipya vitiwe. Godoro la sponji lililonywa maji ya choo ni heri kuliacha, ingawa liligharimu fedha, kwa sababu jua haliwezi kufika ndani yake.

Walimu nao wana mzigo wao, yaani vitabu na daftari za mahudhurio. Kitabu kilicholowa kisianikwe penye jua kali, kwa maana kitajikunja. Kisimamishwe wima kivulini penye upepo, kurasa zikiachana kidogo, na karatasi kavu ziwekwe kati ya kurasa na kubadilishwa mara kwa mara. Kurasa zilizogandamana zisivutwe kwa nguvu.

Baada ya yote hayo, mabaki ya harufu huweza kuondolewa kwa makaa makavu yaliyopondwa. Yatie katika vikapu au masufuria, uyaweke pembeni na ndani ya masanduku. Makaa yana vitundu vingi vidogo ambavyo hushika harufu. Majivu makavu nayo husaidia, hasa yakinyunyizwa juu ya sakafu ya udongo na kufagiwa siku ya pili. Walakini hii ni kazi ya mwisho. Anayeanza na makaa kabla ya kukausha hafanyi tofauti na yule wa ubani.

AKIBA YA CHAKULA

Sasa nimefika penye jambo gumu kuliko yote. Tuseme mvua ya Februari imeingia ghalani, na magunia matatu ya mahindi yamelowa. Mavuno mapya yangali mbali. Mama wa nyumba ayafungua magunia, asikia uchachu, aona punje zenye rangi ya kijani, ya manjano au nyeusi. Watoto wanangoja kula. Nani atakuwa na moyo wa kuyatupa?

Nasi hatuna budi kusema kweli. Kuvu za aina fulani huacha katika nafaka sumu iitwayo sumukuvu, na mojawapo iliyo mbaya sana ni aflatoksini, ambayo huharibu ini. Mwaka 2004, huko mashariki mwa Kenya, watu 317 walishikwa na ugonjwa wa sumu hiyo kwa sababu ya mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 ugonjwa huo ulitokea Tanzania yenyewe, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ukaua watu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Kusaga huificha tu. Wala kuyageuza mahindi hayo kuwa kimea cha pombe si salama. Ng'ombe wa maziwa akilishwa, sumu hupita katika maziwa. Na kuku huweza kufa.

Basi yafanyike haya. Mahindi yaliyolowa leo na hayajaota kuvu yanaweza kuokolewa. Yatandazwe mara moja juu ya turubai au mkeka, tabaka jembamba, si juu ya ardhi tupu, yageuzwe kila saa. Yale yaliyokwisha kuota kuvu yachambuliwe, na punje zenye rangi, zilizopasuka au zilizosinyaa zitupwe shimoni na kufukiwa, watoto na kuku wasizifikie. Gunia ambalo karibu lote limeota kuvu lisichambuliwe, litupwe zima. Na hapa ndipo kijiji kinapojulikana. Mtu akitupa gunia lake ili asiwaue wanawe, majirani wasimwache peke yake mpaka mavuno.

Kujua kama nafaka imekauka, kuna njia rahisi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, tia nafaka hata theluthi moja, tia kijiko kimoja au viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili tatu, kisha iache itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, nafaka ingali mbichi. Isiposhikamana, nafaka imekauka vya kutosha kuwekwa.

KUZUIA MAJI YASIRUDI

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumba iliyoingia maji mwaka huu itaingia tena mwaka ujao isipobadilishwa kitu. Kazi hii ifanywe kiangazi, kabla ya Novemba. Chimba mfereji upande wa juu wa mlima, uzungushe nyumba, umwage maji mbali bila kumletea jirani msiba. Ongeza upenu wa paa ili matone yasipige ukuta. Ondoa udongo uliolundikana penye msingi, ili udongo wa nje uwe chini kuliko sakafu ya ndani. Mwenye kujenga upya ainue msingi kwa mawe au matofali ya kuchoma. Na magunia yasilale sakafuni; yawekwe juu ya kichanja, mbali na ukuta.

Wale waishio bondeni kando ya maziwa wana shida nyingine. Ziwa Rukwa halina mto utokao, kwa hiyo hupanuka na kupungua kadiri ya mvua. Ziwa Tanganyika nalo lilipanda sana miaka ya 2020 na 2021, hata maji yakaingia nyumbani mwa watu wa pwani zake, kama huko Bujumbura. Maji ya mvua huku juu hutoka kwa siku moja, lakini maji ya ziwa huweza kukaa miezi. Aliye katika hali hiyo asipoteze nguvu zake kukausha chumba ambacho maji yangali chini yake. Aokoe mali, ahamie palipoinuka, na kukausha kufanyike ziwa likiisha kurudi.

Wakubwa wa vijiji wakikagua mifereji ya njia mwezi wa Oktoba, na walimu wakiwaonyesha watoto jaribio la chupa na chumvi darasani, maarifa haya yatafika katika nyumba ambazo gazeti halifiki. Mtoto ataingia kwao, atavuta hewa, atauliza, "Mama, maji yamebaki wapi?" Swali hilo likiulizwa mapema, ukuta utasimama, na chakula cha nyumba hiyo kitaliwa bila hofu.